Kasuku wa Goma: lini ufuate kitabu, lini umsikilize jirani

Ukiwa na kasuku hapa Goma, washauri hawakosekani. Upande mmoja kuna mwongozo, mara nyingi faili la Kifaransa ambalo mtu amekutumia kwa simu, lililoandikwa na wataalamu wa Ubelgiji au Ufaransa. Upande wa pili kuna mama wa parseli ya jirani. Kasuku wake anaimba nyimbo za kwaya tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, na yeye mwenyewe hajafungua hata ukurasa mmoja unaohusu ndege. Wote wawili wanasema kwa uhakika, na mambo mengi wanapingana.

Wengi wetu tunachagua kwa mazoea: aliyesoma anafuata karatasi, asiyeamini karatasi anamfuata mama. Mimi kabla ya kuchagua najiuliza hivi: nikikosea hapa, nitaona mapema na kurekebisha, au nitagundua ndege akiwa chini ya kizimba, miguu juu? Kosa linalojitokeza polepole, uzoefu unalijua kuliko kitabu, kwa sababu uzoefu ni macho ya kila siku. Kosa linaloua mara moja, uzoefu haulijui vizuri. Ambaye ndege wake alinusurika atakuhadithia miaka kumi. Ambaye wake alikufa usiku hana la kukuhadithia, maana alidhani ni baridi au ni uzee. Ndiyo maana ushauri wa mtaani umejaa walionusurika.

Ninayemzungumzia ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Wa kwetu anaitwa Shangazi kwa sababu ya kugomba, ingawa hakuna anayejua kama ni jike au dume. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Aliletwa na mjomba aliyekuwa akifanya kazi Kindu, zamani, kabla mambo hayajakazwa. Siku hizi ni vingine: mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, uliamua ndege huyu aingizwe katika Kiambatisho cha I, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kwa hiyo kama bado huna, usome haya bila kupata hamu. Kitabu kinasema nunua kwa mfugaji anayejulikana. Mtaani wanasema subiri kijana atokaye upande wa Maniema na kikapu. Mfugaji huyo hapa hatumwoni, na kijana wa kikapu anakuletea aliyebaki baada ya wenzake kufia njiani. Hapo sifuati yeyote kati yao. Upande wa Bukavu, kituo cha Lwiro kinachojulikana kwa sokwe kinapokea pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara.

Hii ni kwa ajili ya wale ambao ndege yuko nyumbani tayari, na huenda akakaa hapo muda mrefu: kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka 40 na zaidi.

Makala na mazuku

Naanza na hewa, kwa sababu hapo kitabu na jirani kila mmoja ana ushindi wake, na ukiwachanganya unapoteza ndege.

Kitabu kinasema: usiweke kizimba jikoni. Waandishi wa Ulaya wanachoogopa hasa ni vikaango visivyoshika chakula. Utando wake ukipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao mtu hauhisi, na ndege anakufa kwa muda mfupi sana. Jirani anajibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunapika kwa mbabula, jiko la makala (makaa ya kuni), na kasuku wake ananing'inia juu ya mlango wa jikoni miaka yote.

Hapa namfuata kitabu bila kusita, ingawa sababu yake nambadilishia. Makala yasiyoshika moto vizuri yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Ndege hapumui kama sisi. Hana kiwambo cha kusukuma mapafu. Ana vifuko vya hewa vilivyotawanyika mwilini vinavyopitisha hewa kwenye mapafu upande mmoja tu, hata anapata oksijeni akivuta pumzi na akiitoa. Ndiyo inayomwezesha kuruka, na ndiyo inayomfikishia sumu kabla yako. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na kanari ndani ya migodi kwa sababu hiyo, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, na kanari wa mwisho waliachishwa kazi mwaka 1986 vilipoingia vipimo vya umeme. Aliyemweka kasuku juu ya mlango wa jikoni amemwajiri kazi ya kanari bila kumwambia.

Saa ya hatari naijua kwa sura. Ni jioni, mvua imeshuka ghafla kutoka upande wa volkano, na mbabula iliyokuwa uani inavutwa hadi kwenye korido. Nusu ya makala bado ni meusi, mtoto anapepea kwa kifuniko cha sufuria, na mwingine amefunga mlango kwa ajili ya baridi. Moshi unaouona ndio unaokukera, lakini usiouona ndio wenye kazi. Mwangalie ndege saa hiyo: mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, mdomo uko wazi kidogo, hajali hata karanga. Usingoje aanguke. Mtoe kwanza yeye, kisha watoto, kisha mbabula. Au utoe watoto kwanza, sitabishana na mama yeyote juu ya hilo. Kupandisha kizimba juu hakusaidii kitu, kwani kaboni monoksidi inachanganyika na hewa ya chumba chote na moshi nao unapanda.

Sasa geuza upande. Vitabu vingi vinashauri kizimba kiwe kwenye usawa wa kifua au macho ya mtu, na vile vya zamani vinaonya kabisa usimweke ndege juu, atajiona bwana wa nyumba. Mzee wa kartie yetu akisikia hayo anatikisa kichwa. Yeye anasema kila kiumbe mdogo alale juu, na ana haki, maana anajua mazuku.

Mazuku hakuna mwongozo wa Ulaya unaoyataja. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inajaza mabonde na mashimo, hasa magharibi ya mji kuelekea ziwani na Sake. Usiku na alfajiri pasipo upepo inatulia chini. Jua na upepo vikija inatawanyika. Mbuzi na mbwa wanakutwa wamelala hapo wasiamke, na watu pia wamekufa. Ukikaa kwenye maeneo hayo, swali la urefu wa kizimba haliulizwi kwa kitabu. Uliza waliojenga kabla yako ni shimo gani halina majani wala mjusi, na kizimba kisikae sakafuni usiku hata mara moja. Ghorofa ya chini iliyochimbwa ndani ya mawe, usiitumie kwa ndege kabisa.

Gesi mbili, hukumu mbili tofauti. Kwa moja urefu ni bure na kinachookoa ni mlango. Kwa nyingine urefu ndio uhai.

Chakula

Hapa ndipo jirani anapopata heshima yake, ingawa si yote.

Mwongozo wa kisasa unasema: vidonge vya chakula vya kiwandani viwe sehemu kubwa, kisha mboga, matunda, na mbegu kidogo. Vidonge hivyo Goma huvipati dukani, na ukiagiza utalipa pesa ambayo ingelisha watu. Ila sababu ya kitabu kuvisifu ni ya kweli: kasuku anayekula mbegu na mahindi makavu peke yake anakosa vitamini A na kalisi. Kasuku wa kijivu hasa anajulikana kwa kupungukiwa kalisi mpaka anatetemeka, anapata degedege na kuanguka kutoka kwenye kijiti. Mtaani hilo huitwa kifafa au kurogwa.

Jirani naye anampa ngazi, tunda la mchikichi, zile zinazoletwa kutoka sehemu za chini kama Walikale au upande wa Beni. Hajui habari ya vitamini. Anajua tu kwamba manyoya yanang'aa. Na hapo amekipita kitabu, kwa sababu ngazi ndiyo chakula cha ndege huyu msituni, na rangi ile ya machungwa ndiyo mwili wake unaigeuza kuwa vitamini A. Mpe Shangazi moja uone. Anaipokea kwa mguu, anaizungusha mara mbili tatu akitafuta pa kuanzia, kisha anachuna nyama yake kwa ncha ya mdomo, nyuzi kwa nyuzi, mpaka kokwa linabaki jeupe-jeupe na kidevu chake chote kimepakwa mafuta. Halafu anaanza kugongagonga kokwa kwa hasira. Saa nzima imekwenda, hajapiga kelele na hajajinyonyoa manyoya. Ngazi zikikosekana, matone ya mawese mabichi juu ya wali au viazi yanatosha. Mawese yaliyokaangiwa samaki hayafai.

Kalisi kitabu kinasema ipatikane kwa mfupa wa ngisi. Sisi tuna ziwa, ngisi hatuna. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linafanya kazi hiyo. Wengine wanategemea lengalenga. Ni mboga nzuri, lakini ina asidi inayofunga kalisi isipite vizuri mwilini, kwa hiyo usiihesabu kama dawa ya mifupa.

Pilipili ni kesi ya kuchekesha. Jirani anampa kasuku pilipili ili aongee haraka. Kitabu kinasema pilipili si kitu kibaya: ndege hahisi ule ukali, na ndani yake mna vitamini A. Kuongea hakuna uhusiano, lakini endelea kumpa.

Parachichi ndiyo sehemu ninayogombana na watu. Kivu yote ina miparachichi, na kila mtu ana hadithi ya ndege aliyekula avoka asife. Naziamini hadithi hizo. Sumu yake, inayoitwa pasini, hutofautiana mti kwa mti, na iko zaidi kwenye majani, ganda na mbegu kuliko kwenye nyama. Leo anakula asidhurike, mwezi ujao avoka ya mti mwingine inashambulia moyo, na anakufa ndani ya siku moja au mbili. Hapa uzoefu wa jirani ni wa mti wake tu. Kitabu kinakataza kabisa, nami nakataza, pamoja na kijiti kilichokatwa kwenye mparachichi. Mkaratusi unafaa kwa vijiti na uko kila mahali. Chagua matawi yenye unene tofauti ili nyayo zisipate vidonda.

Kasiksi, pombe ya ndizi, ya kumlevya ili wageni wacheke, na kahawa iliyobaki kikombeni, zote ni sumu kwake. Chai ya maziwa yenye mkate haimuui, lakini ndege hawezi kuyeyusha sukari ya maziwa, ataharisha tu.

Karanga: kitabu kinaogopa ukungu, jirani anaona ndege anavyozipenda. Msimu wa mvua, Goma karanga za gunia zinashika ukungu hata usipouona, na mapafu ya kasuku wa kijivu ni dhaifu mbele ya ukungu. Mimi natoa chache, zilizomenywa na kukaangwa bila chumvi, na yoyote yenye harufu ya ghala naitupa.

Jua na baridi

Haya yapite haraka. Kitabu cha Ulaya kinakuuzia taa maalumu ili mwili wa ndege utengeneze vitamini D, kwa sababu kwao wakati wa baridi jua halina nguvu na kioo cha dirisha kinazuia mionzi inayohitajika. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta. Mtoe nje asubuhi kidogo, nusu ya kizimba ikiwa kivulini ili ajichagulie, na mtu awe karibu kwa ajili ya paka na kozi. Taa achana nayo.

Baridi ya Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, jirani anaijua vizuri. Ndege aliyeshiba na mkavu anaizoea. Upepo unaopita kati ya mlango na dirisha na manyoya yaliyolowa ndivyo vinavyomwangusha. Kitenge juu ya kizimba jioni kinatosha.

Maji ya mvua ni jambo lingine la hapa. Chini ya moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, mvua inashuka na floridi na asidi, hasa upande wa magharibi ambako upepo unausukuma. Kama unakinga maji ya bati, mnyweshe ndege yale yale yaliyosafishwa mnayokunywa ninyi.

Waya

Mafundi wetu wanasuka kizimba kizuri kwa mbao na waya wa mabati. Waya mpya unaong'aa una zinki juu, na kasuku anautafuna. Jirani hana habari, kwa kuwa sumu hiyo inajikusanya kimyakimya. Kitabu kinasema usiutumie. Ukikosa mwingine, sugua kila sehemu kwa brashi na siki, suuza, uache juani, na ukwangue matone ya zinki yaliyoganda kwenye viungo. Hilo ni la kufuata. Upana pia: ndege akunjue mabawa yote mawili bila kugusa ukuta. Vizimba vingi ninavyoviona ni vya njiwa.

Na hapa niseme kuhusu umri wa vitabu, kwa sababu navyo vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe. Vya zamani vinataka kasuku apewe changarawe za kusagia chakula. Vipya vinasema hahitaji, kwani yeye anamenya mbegu kabla ya kumeza. Ni kuku na njiwa wanaomeza nzimanzima ndio wanaohitaji. Ukiletewa mwongozo, angalia mwaka kabla ya kuusujudia.

Ugonjwa na dawa

Jirani anasema: "Mama, mimi ndege wangu namjua, akiumwa naona." Haoni. Nasema hivyo kwa heshima zote. Ndege anayeliwa na wengine huficha ugonjwa mpaka nguvu zimuishie, na manyoya yanaficha kukonda. Siku unapomwona amejikunja na macho yamesinzia, ugonjwa una siku nyingi.

Kitabu kinatoa kitu ambacho hakuna jicho linaloweza kukishinda: mizani ndogo ya jikoni ya gramu. Shangazi anapanda juu yake kila asubuhi kabla ya kula, kwa ajili ya karanga moja, na tunaandika kwenye daftari la shule. Uzito wake unacheza karibu na gramu 430. Ukishuka gramu chache si neno. Ukishuka asilimia 10, yaani kama gramu 40, ni mgonjwa hata kama anaimba. Kati ya ushauri wote wa vitabu, kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua mizani kabla ya kizimba kikubwa.

Juu ya dawa, desturi ya mtaani ni kufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kuimwaga kwenye maji, kama tunavyofanya kwa kuku. Ndege mgonjwa hanywi maji ya kutosha, maji machungu anayaacha, na kalisi uliyompa inaifunga dawa isifanye kazi. Anapata dozi ndogo inayofundisha vidudu ukaidi. Homa ya kasuku, ambayo wanadamu nao wanaipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, kwa kawaida hutibiwa ndege kwa siku 45 mfululizo. Kapsuli moja ya Jumamosi haigusi kitu. Na wewe ukipata homa, kichwa kinauma na kikohozi kikavu, kipimo cha malaria kikisema hapana, mwambie muuguzi kwamba nyumbani kuna kasuku. Hatauliza mwenyewe.

Kila mwongozo unamaliza kwa kusema mpeleke kwa daktari wa ndege. Madaktari wa mifugo tulio nao wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na hapo kitabu na jirani wote wananyamaza. Nenda hata hivyo, lakini nenda na kazi uliyofanya nusu. Beba kinyesi cha asubuhi juu ya karatasi safi, video fupi ya anavyopumua ukiwa mbali naye, jina la dawa yoyote aliyokwisha kupewa hata kama ni ya kuonea haya, na daftari la uzito. Ndege akae ndani ya katoni yenye matundu, imefunikwa kitenge, katikati yako na dereva wa moto (pikipiki) ili upepo usimpige. Daktari akianza kuvuta sindano kwa makadirio ya kuku, mwombe kwa upole apige hesabu kwa gramu, na umfungulie daftari ukurasa wa asubuhi hiyo.